Losheni inayotoka nongo, na uso wa bibi harusi

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na wazee hapo Ngamiani nisalimie wote. Huku wazima, joto tu. Najua nimekaa kimya tangu Mfungo Sita, usinune, tutagombana tukionana. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ule wa dakika tano wenye cherehani ya mama Salma ikilia nyuma, na naona jambo hili haliwezi kujibiwa kwa simu. Kaa chini usome.

Unasema Alhamisi mlipomjaribu bibi harusi wako Fatma mekapu, losheni ya jua ilitoka nongo pembeni mwa pua na kidevuni, macho yakamwasha, na kwenye picha akatokea kama kamwagiwa unga wa ngano. Halafu unaniambia nikutajie jina la losheni nzuri. Hayo ni matatizo matatu, na kila moja lina chanzo chake. Jina sikutajii, wala si uchoyo: jina hilohilo la kampuni likiuzwa Marekani lina vichujio vingine (vile viambato vinavyozuia miale ya jua) na likiuzwa Ulaya vingine. Soma lebo, achana na rangi ya kopo. Na usimwagize Zawadi kitu Dubai kabla hujafika mwisho wa barua.

Nongo kwanza, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Losheni ya jua haitakiwi kuzama kama mafuta ya kawaida. Kazi yake ni kubaki juu ya ngozi, ikauke, iwe utando mwembamba. Utando huo ukisuguliwa kabla haujashika, unajikunja na kubiringika. Kwa hiyo losheni ya bei mbaya kabisa inaweza kutoka nongo, na ya bei poa ikatulia. Mara nyingi kosa liko kwa vitu ilivyokutana navyo: serumu ya kunata chini yake, krimu nyingi kupita kiasi, au praima (ile ya kulainisha uso kabla ya faundesheni) ya silikoni juu ya losheni ya majimaji. Tazama maneno ya mwanzo kwenye lebo ya praima yako. Ukiona yanayoishia na "cone" au "siloxane", hiyo ni silikoni, na losheni nayo iwe ya aina hiyo. La sivyo iache praima kabisa. Losheni nyingi za siku hizi zinalainisha uso vya kutosha.

Kumjua mkosaji, mkono wako ndio maabara. Chora mistari mitatu ndani ya mkono: wa kwanza krimu na losheni, wa pili losheni na praima, wa tatu losheni na faundesheni. Kila tabaka lipe dakika 15 kabla ya linalofuata. Mwisho pitisha kidole kwa nguvu ileile kwenye mistari yote. Utakaotoa nongo umekutajia jina.

Siku ya harusi yenyewe fanya hivi. Anawe kwa sabuni isiyo na harufu. Krimu kiasi cha punje ya njegere, dakika 10. Halafu losheni: mstari kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, kutoka shina mpaka ncha. Hiyo ni ya uso na shingo, usipunguze. SPF, namba ya kinga ya jua iliyoandikwa kwenye kopo, hupimwa maabara kwa miligramu 2 kila sentimita ya mraba, na ukipaka nusu hupati kinga ile. (Uso peke yake unakula kama mililita 1.2 kwa siku, kwa hiyo kopo la mililita 50 likikufikisha miezi minne ujue unajipaka harufu tu.) Usiimwage yote kwa mpigo: kidole kimoja, tandaza, dakika tatu, kisha cha pili. Subiri dakika 15, wewe tengeneza nyusi. Mguse shavu kwa mgongo wa mkono, kukinata, bado. Faundesheni ipake kwa sponji yenye unyevu, gonga, usivute. Brashi yako ile ya manyoya magumu iweke mbali. Nongo ikitokea hata hivyo, usiifukie kwa poda. Futa sehemu ile tu, paka upya, ngoja tena. Na usichanganye losheni na faundesheni kiganjani ili kuokoa muda, utando hautakaa sawa na kinga itakuwa na matundu.

Macho. Vichujio vya kemikali, hasa avobenzoni, vikikutana na jasho huteremka na kuwasha. Losheni ya uso iishie upana wa kidole kutoka kwenye jicho. Kope na chini ya jicho tumia ya kijiti yenye zinki, inang'ang'ania haitembei.

Sasa weupe. Watu watakwambia ngozi laini ni zinki na titaniamu basi. Ni kweli madini haya hayachokozi sana ngozi, ila kwa weusi mzuri wa Fatma yanaacha majivu, na flashi ikipiga yanarudisha mwanga wote. Poda ya silika nayo ina tabia hiyohiyo, na nadhani yako unayoipenda ndiyo hiyo. Zipo za madini zenye rangi, utazijua kwa namba CI 77491, 77492 na 77499. Hizo ni oksaidi za chuma, na zinazuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Shida yake rangi nyingi ni za ngozi ya maji ya kunde kwenda juu. Lakini faundesheni yako nayo imetiwa rangi kwa oksaidi za chuma hizohizo, kwa hiyo kazi hiyo iachie faundesheni. Mimi ningemchagulia losheni isiyo na rangi yenye vichujio vipya, bemotrizinoli kwa mfano, SPF 50 na PA++++. SPF ni habari ya miale inayounguza. Hiyo PA ndiyo ya miale inayozeesha na kuleta madoa, usiipuuze. Ya zinki yenye rangi iwe akiba, endapo hiyo itamkataa. Kisha zima taa, mpige picha kwa flashi. Simu yako inatosha.

Na faundesheni iliyoandikwa SPF 15 isikudanganye, hakuna anayepaka faundesheni kwa vidole viwili.

Kwa ngozi yake inayochachamaa, lebo ikiwa na "parfum" au "alcohol denat" mwanzoni, rudisha rafuni. Una siku 16 kabla ya harusi, anza kesho kumjaribia losheni: tone la ukubwa wa sarafu kwenye kiwiko kwa ndani, na jingine ubavuni mwa shingo chini ya sikio, asubuhi na jioni, siku saba. Kuchoma kidogo kwa dakika moja si neno. Wekundu, vipele au muwasho unaobaki, acha. Muulize pia kama anapaka ile jeli ya maumivu yenye ketoprofeni. Kama jeli hiyo iliwahi kumdhuru ngozi juani, losheni yenye kichujio cha oktokrileni inaweza kumfanya vilevile. Na muulize mkiwa wawili, si mbele ya shangazi zake, kama amewahi kupaka mkorogo. Ngozi iliyochubuliwa inawaka kwa kila kitu, hapo dawa ni daktari wa ngozi, si losheni nyingine.

Singo wamfanyie mwilini wapendavyo, ila usoni waishie siku tatu kabla. Na asubuhi ile zuia mtu yeyote asimpake mafuta ya nazi usoni; hayakingi jua la maana, na faundesheni itateleza mpaka kidevuni.

Picha za Raskazoni mwambie mpiga picha aanze saa kumi na nusu. Umeniambia saa nane, saa nane bwana! Wakiwa nje, kila saa mbili mkaushe jasho kwa tishu ya kubonyeza, chukua losheni kidogo kwenye sponji, gonga paji, pua na mashavu. Mwavuli pia, Rehema akiukunja kwa sababu unaharibu picha, usimsikilize.

Ile ya Moshi uliyoiulizia, Kilisun, inatengenezwa hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hiyo waachie wenyewe. Unaponunua, angalia tarehe na kile kikopo kilichochorwa wazi chenye 6M au 12M, ndiyo miezi tangu kufunguliwa. Iliyopangwa kwenye meza juani usinunue. Ikijitenga maji huku mafuta kule, imekwisha hiyo.

Sasa nijibu: praima yako ni ipi, nitumie picha ya nyuma ya kopo? Alhamisi ulisubiri dakika ngapi, sema kweli? Madoa ya mashavuni ni ya zamani au yameanza juzi? Nani anamfanyia singo, Bi Tatu au wale wa Chumbageni? Mpiga picha ni yuleyule wa harusi ya Salma, aliyetutoa wote weupe? Na kanga zangu mbili, zipo au zimeshapata mwenyewe?

Wako,
Asha

Tena: kijiti cha zinki kama hukipati hapo Tanga niambie kabla ya Jumatano, kuna mtu anapanda basi.