Barua kwa Mwanaidi: kuhusu kufunga mwamba wa pweza

Bi Mwanaidi, ndugu yangu,

Assalaam alaikum. Barua yako nimeipata. Umeuliza mambo mawili: kwanza, wazee wa kamati wanaosema pweza wakiachwa miezi mitatu watamaliza kaa wote, na mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, nao watawamaliza pweza, je, wana haki? Pili, mwamba unafungwa vipi, yaani kuzuia uvuvi wa pweza hapo kwa muda, mpaka kina mama wanaochokoa pweza mapangoni kwa kijiti waone faida yake? Nitayajibu kwa pamoja, kwa sababu jibu la la kwanza ndilo linalokuonyesha la pili lifanyweje.

Anza na anachokula pweza. Pweza wetu wa miambani huwinda mchana. Akifika kwenye jiwe lenye matundu hujitandaza juu yake kama kanga iliyotupwa, rangi yake ikapauka, kisha huingiza mikono kila tundu akipapasa. Kaa anayekimbia hukutana na utando umemfunika pande zote. Humpeleka pangoni, humng'ata kwa mdomo wake mgumu kama wa kasuku, humtia sumu, na magamba huyatupa nje. Lile fungu la magamba ya kaa na chaza mlangoni ndilo mchokoaji hodari hulitafuta. Mara nyingi samaki kama chewa au mkundaji humfuata nyuma akiwinda, wakidaka vinavyomponyoka.

Na kaa huyo amekula nini? Mwani, konokono wadogo, mabaki ya viumbe waliokufa. Mwani umekula jua. Kila hatua ya mnyororo huu hupoteza sehemu kubwa ya chakula kwa mwendo na uhai wa kila siku, na kwa kukadiria tu husemwa kwamba sehemu moja kati ya kumi ndiyo hupanda hatua inayofuata. Pweza yeye anawazidi wengi hapa: hajengi mifupa, na sehemu kubwa ya anachokula hugeuka nyama. Ndiyo maana hukua haraka hivi. Pweza mdogo mwenye chakula cha kutosha anaweza kuongeza uzito wake maradufu kwa muda wa kama mwezi mmoja. Ukimchukua akiwa na gramu 500 umechukua nusu ya kile ambacho mwezi ujao kingekuwa mezani.

Sasa wazee. Kaa hawatakwisha. Kaa wakipungua upande mmoja pweza huhama pango, na maisha yake yenyewe ni mafupi, mwaka mmoja au mwaka na nusu. Kuhusu mikunga, chewa na papa, ni kweli wanamla pweza, na baadhi ya wale mtakaowaacha wataliwa. Lakini chewa na mkunga waliobaki kwenye miamba mingi ya pwani yetu ni wachache kuliko zamani, kwa hiyo wanachochukua hakifikii kinachochukuliwa na mchokoo. Msiwaue mikunga kwa kusingizia kulinda pweza. Mwamba usio na samaki wakubwa wanaokula wenzao hubadilika kwa namna isiyomsaidia mvuvi yeyote.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni jike. Hukomaa akiwa na uzito wa karibu kilo 2, ilhali dume hukomaa mapema zaidi. Hutaga mara moja tu maishani, mayai kwa maelfu mengi, yakining'inia darini mwa pango kama vishada vidogo vyeupe. Tangu hapo hali tena. Hukaa akiyapuliza maji na kuyasafisha kwa mikono mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ukikuta pango limezibwa kwa mawe madogo kutoka ndani, na aliyemo amepauka na hataki kutoka hata ukimchokoza, mwache. Nyama yake imekwisha konda, na mayai yakibaki peke yake samaki huyamaliza.

Watoto wakianguliwa huelea na maji pamoja na vijidudu vingine vidogo kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka mwambani. Mkondo huwachukua, na katika pwani yetu huelekea kaskazini. Hivyo usiwaahidi watu kwamba watoto wa mwamba wenu watarudi mwambani kwenu. Ahidi uzito. Faida ya haraka ya kufunga ni pweza walewale waliokuwepo, ila wakubwa zaidi.

Hapo ndipo miezi mitatu inapotoka. Ukifunga mwezi mmoja, faida ni ndogo na ugomvi ni ule ule. Ukifunga mwaka, majike wengi wamekwisha taga na kufa na kilo zao mmezikosa, ingawa mayai yamefaidi bahari. Kule Andavadoaka, Madagaska, walikoanza mwaka 2004, mara ya kwanza walifunga miezi saba. Pemba wamefanya Kisiwa Panza, na miezi mitatu ndiyo iliyozoeleka huku kwetu.

Chagueni kipande cha mwamba chenye mawe na matundu mengi, si mchanga, kinachoonekana kutoka kijijini ili mwizi aonekane. Robo ya eneo mnalochokoa inatosha. Mkifunga lote, anayeumia ni mama asiye na mtumbwi, anayetegemea kutembea kwa miguu maji yakipwa. Huyo akikosa pa kwenda atavunja kanuni, na hatakuwa na kosa. Kwa sababu hiyo kina mama wakae kwenye kikao cha kuchagua mipaka, si kuletewa habari baadaye. Wekeni maboya au nguzo kwenye kona, tangazeni msikitini na sokoni, na vijiji jirani viandikiwe kupitia BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi.

Fungeni mara bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, linapokwisha. Fungueni siku ya kwanza ya bamvua miezi mitatu ikitimia, maana maji mafu hayapwi vya kutosha na watu watarudi mikono mitupu wakidhani wamedanganywa. Katika miezi mitatu mnaruka takribani mabamvua sita.

Siku ya kufungua ndiyo inayoharibu kazi mara nyingi. Watu mia huingia kwa saa tatu, mawe hupinduliwa, matumbawe hukanyagwa. Jiwe lililopinduliwa na kuachwa juani huua kila kilichokuwa chini yake, wakiwemo kaa wadogo ambao ni chakula cha pweza wa mwaka kesho. Toeni sharti tatu siku hiyo: hakuna kupindua jiwe, hakuna chuma kirefu cha kuvunjia pango, na hakuna utupa, ile sumu ya mimea ya kuvulia. Utupa hauchagui, huua kaa, vifaranga vya samaki na konokono kwa pamoja, na mnyororo hukatika chini kabisa. Pweza wa chini ya gramu 500 arudishwe majini akiwa hai; huo ndio uzito wa chini wa kisheria Tanzania bara, kwa hiyo si ombi lenu.

Na bei. Kilo nyingi zikiingia siku moja, mnunuzi mmoja hukata bei anavyotaka. Waiteni wanunuzi wawili au watatu wiki mbili kabla, mkubaliane bei ya kilo kwa maandishi, na barafu iwe imefika alfajiri. Pweza aliyekaa juani saa mbili hana soko.

Pimeni kila pweza kabla ya kutoa matumbo, siku zote kwa mizani ile ile. Andikeni tarehe, eneo, jinsia na uzito. Dume utamjua kwa mkono wa tatu wa kulia, ambao ncha yake haina vikombe vya kunatia. Anzeni kupima sasa, kabla hamjafunga, kwa mabamvua mawili angalau, la sivyo hamtakuwa na cha kulinganisha na kikao kijacho kitakuwa cha kubishana.

Daftari la bamvua la kwanza likikamilika, nakili kurasa zake unitumie, nami nitakusaidia kujumlisha. Nisalimie mama na kina dada wote wa kamati.

Wako,
Zaituni