Barua kwa binti yangu, kuhusu wosia nlioubadilisha mara 11

Mwanangu,

Hii barua nimeiandika mara tatu nikafuta, ya kwanza ilitoka kama barua ya ofisini, ya pili ilikua mimi najitetea tu mwanzo mwisho, hii sijui itakuaje ila ntaituma hivyo hivyo. Na usishtuke, siumwi. Najua mama yako kila akitaka upige simu anakwambia baba yako anaumwa, leo siumwi, nipo tu. Wala sikuiti urudi nyumbani.

Nataka tuongee kuhusu wosia.

Unakumbuka ile siku kaka yako alivyosema mezani kwamba anaacha kazi kwenye kampuni? Ulikua na miaka kama 15 hivi. Mimi sikufoka, nlichukua simu nikampigia wakili palepale, nikaweka laudi spika, nikamwambia Jumatatu nakuja ofisini kwako kuna kitu nataka turekebishe. Basi, nikaendelea kula. Kaka yako hakuacha kazi tena, na mimi nikajiona baba mwenye busara, nimemaliza mambo bila kelele.

Sasa mwezi uliopita nlimwomba wakili anitolee mafaili yote tangu mwanzo. Nimekuta nimeubadilisha mara 11. Kumi na moja mama! Nlikaa pale naangalia tarehe na kila tarehe naujua ugomvi wake, hii ni shangazi yako alivyonisema mbele ya wageni, hii ni mdogo wako alivyoacha chuo bila kuniambia, hii ni wewe ulivyoondoka (wewe peke yako una mbili, siku ulivyoondoka na siku ulivyorudisha ile hela niliyokutumia). Wenzangu wana albamu za picha za watoto wao, mimi nina mafaili ya wakili.

Na kuwatisha kwa maneno sikuhitaji, pesa yenyewe ilitosha, ndo ubaya wake. Mlijifunza wenyewe. Mlikua mnaniangalia usoni nikiingia ndani kama watu wanaoangalia wingu. Mdogo wako akinikumbatia nlikua nahesabu kimoyomoyo, na kabla sijafika tano ombi limeshatoka. Nilipolazwa zile wiki mbili mlikuja wote, tena kwa zamu nzuri kabisa, alafu nesi mmoja akanichekea akasema mzee watoto wako wanakupenda, kila anayekuja ananiuliza nani amekuja kabla yake. Yeye aliona ni upendo. Mimi nligeukia ukutani, maana hata ningetaka kuamini kwamba mmoja wenu amekuja kwa ajili yangu ningejuaje? Nlishaichafua hio njia mwenyewe.

Alafu kuna mambo nlikua siyajui kabisa kwenye nyumba yangu mwenyewe. Dereva alijua kwamba umesimamishwa shule kabla yangu, yeye ndo alienda kuongea na mwalimu mkuu, na aliniambia miaka sita baadae tena kwa bahati mbaya, alidhani najua. Nlimkasirikia yeye, eti. Wewe ungekua mimi ungemkasirikia nani?

Unajua ile stori niliyopenda kuwasimulia, ya yule tajiri wa mafuta wa Marekani, J. Paul Getty? Mjukuu wake alitekwa kule Roma mwaka 1973, kijana wa miaka 16, watekaji wakamkata sikio wakalituma kwa posta kwenye gazeti ili babu aelewe kwamba hawatanii. Mzee alipokuja kukubali kuchangia fidia akatoa kiasi kile tu ambacho kingepunguzwa kwenye kodi yake, kinachobaki akamkopesha mwanae, yani baba wa huyo kijana, kwa riba ya 4%. Nlikua naisimulia tunacheka, nawaambia mnaona, huyo ndo bahili, msije mkaniita mimi bahili. Basi kwenye yale mafaili nimekutana na mkataba wa mkopo, mimi na kaka yako, wa mwaka ule aliooa akawa anatafuta nyumba ya kuanzia maisha. Una saini yangu na yake na ya shahidi. Nlimpiga 6.

Nlisoma hio namba mara kadhaa. Kaka yako alikua yupo kila niliposimulia ile stori, na alikua anacheka na sisi.

Babu yako naye alitulea hivi hivi, ndo maana mimi na baba yako mdogo hatujaongea miaka 19, lakini hio sitaki iwe kisingizio, nimekua mtu mzima muda mrefu kuliko nlivyokua mtoto. Na nliwaza pia kuuchana wosia wote niache mambo yajiendee, ila nikakumbuka Dhirubhai Ambani wa India alifariki 2002 bila kuacha wosia, wanae Mukesh na Anil wakavutana mpaka mama yao akaingia katikati, 2005 ndo wakagawana makampuni. Kuondoka bila kusema kitu nako ni kuwaachia watoto ugomvi.

Kwa hio nimefanya hivi. Wakili alinieleza kwamba wosia mtu anaweza kuubadili hadi siku ya mwisho akiwa na akili timamu, na mimi nikamwambia hapo hapo ndo penye ugonjwa wangu, nipe kitu nisichoweza kukigusa. Hisa zimeingia kwenye amana, yani zinashikwa na wasimamizi kwa ajili yenu, mafungu matatu sawa, nyie watatu, na nimeshasaini, hata nikikasirika kesho siwezi kuzirudisha. Fungu lako lipo. Ulichukue, ulikatae, uwape watu, usiniambie hata umeamua nini. Karatasi nliwasomea wenzako wote mezani na nakala yako iko ndani ya bahasha hii. Ule mkopo wa kaka yako nimeufuta, na riba aliyolipa nimemrudishia.

Mama yako hakufurahi, anasema sasa nani atanisikiliza. Mdogo wako hii ni wiki ya tatu hajaja. Inauma, ila siulizi.

Kaka yako aliacha kazi Jumatano ya wiki ile ile niliyowasomea, hakusubiri hata wiki iishe. Alikuja ofisini kuniaga, akanipa mkono, nikajua sasa anaondoka, alafu akasimama mlangoni akaniuliza, baba umeshakula? Sikumbuki mara ya mwisho kuulizwa hivyo na mtu nisiyemlipa mshahara.

Nikamwambia bado.

Baba yako