Kaka, Gordimer hakukupa ruhusa ya kunyamaza

Kaka yangu, shikamoo. Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa.

Hitma ya arobaini ya Baba haijanitoka. Wale vijana walikaa mkekani mbele yako wakakuomba jambo moja tu: andika gazetini juu ya mashamba yao, maana jina lako linasomwa. Ukatoa kabatini kile kitabu cha Baba cha insha za Nadine Gordimer, yule mwandishi wa riwaya wa Afrika Kusini, ukawaambia hata yeye alisema hakuna makala yake itakayokuwa na ukweli kama riwaya zake. Ukakifunga. Ukaagiza chai.

Maneno ni yake, sibishi. Aliyasema Stockholm mwaka 1991, alipopewa Nobel. Lakini ungesoma mbele kidogo! Katika mhadhara uleule anawataja waandishi wa Afrika Kusini waliofungwa: Serote, Brutus, Breytenbach. Na insha aliziandika zaidi ya nusu karne. Makaburu walipopiga marufuku riwaya yake Burger's Daughter mwaka 1979, kisha wakaiachia baada ya miezi michache, hakushangilia. Mwaka uliofuata alitoa kijitabu kilichoanika hoja za wakaguzi wa vitabu wenyewe, kwa sababu vitabu vya waandishi weusi vilibaki kifungoni. Kwenye kesi ya uhaini ya Delmas, ya wapinzani wa ubaguzi wa rangi, alisimama kuwatolea ushahidi washtakiwa. Hata ANC, chama chake mwenyewe, kilipoleta muswada wa siri za serikali, aliupinga hadharani, bibi wa karibu miaka 90. Riwaya ndizo zilizomfanya asikilizwe, na heshima hiyo akaitumia.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Mpaka leo sijaona anayeandika mazungumzo ya wazee kama wewe, na ndiyo maana inaniuma hivi. Nakusihi, andika makala moja. Usiniambie kwangu ni rahisi kwa kuwa sina jina la kupoteza. Barua ya wale vijana niliitia sahihi, mkataba wangu haukuongezwa, na ningeitia tena. Mtu wa nyumba ile alipaswa kuwajibu, Kaka, mbele ya wazee, na wewe ulikuwa unakoroga sukari.

Mama anauliza kama utakuja Idi. Njoo. Na kama hukuambiwa, shamba la Baba Mdogo nalo limeingizwa kwenye ile kesi ya mashamba.