Mheshimiwa Spika, swali la "ni lini" lijibiwe kwa tarehe

Kwa Mheshimiwa Spika wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Dodoma.

Mheshimiwa Spika,

Pokea salamu kutoka kusini, ukanda wa korosho. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimezalisha kwa miaka 33 katika zahanati na vituo vya afya vya Serikali, na tangu nistaafu niko kijijini kwetu, nalima na kusikiliza redio. Jina la kijiji sitalitaja, wala la mbunge wetu wa wakati ule, wala la Naibu Waziri aliyetujibu. Siandiki kukiombea kijiji kimoja. Naandika kuhusu kipindi cha maswali na majibu, kile mnachokianza saa tatu asubuhi baada ya dua, na nakuandikia wewe kwa sababu kiti chako ndicho kinachokiongoza.

Kijijini kwetu kuna boma la zahanati, kuta zisizo na paa. Tulilianza msimu wa korosho wa 2016, kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji, kila mkulima akakubali kukatwa kidogo kwa kila kilo aliyopeleka ghalani. Bei ilikuwa nzuri na watu walichangia kwa moyo. Wanawake tulibeba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni, wanaume wakachimba msingi, kuta zikapanda. Msimu wa 2018 soko likavurugika, Serikali ikazinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo ya wengi yakachelewa, na mchango wetu ukakatikia hapo. Boma lilikuwa limefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Liko kwenye lenta hadi leo.

Chumba cha kujifungulia nilimwelekeza fundi mimi mwenyewe. Nilisimama ndani ya kuta nikamwonyesha kitanda kikae wapi, dirisha liwe juu ili mama asichunguliwe, sinki iwe karibu na mlango. Sasa hivi pale penye kitanda pameota mpapai. Umekwisha kuzaa, na watoto wanaingia kuchuma.

Kituo cha afya kilicho karibu nasi kiko kilomita 23, na barabara yake masika haipitiki. Miaka miwili iliyopita, usiku wa mvua, niliitwa kwa binti wa jirani aliyeshikwa uchungu wa mimba ya kwanza. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nikafuata kwenye nyingine. Nusu ya njia pikipiki zikazama kwenye tope. Alijifungulia chini ya mkorosho, mimi nikimulikiwa kwa tochi ya simu ya dereva. Mipira ya mikono nilikuwa nayo, wembe mpya nilikuwa nao. Sindano ya kuzuia damu sikuwa nayo, kwa sababu mstaafu hakai na dawa za Serikali nyumbani kwake. Nilimkanda tumbo kwa mkono mpaka damu ikapungua, na sikumwambia mama yake nilichokuwa nakiogopa. Wote wawili wako hai. Lakini wewe, Mheshimiwa Spika, usihesabu usiku ule kuwa umeisha vizuri. Uliisha kwa bahati, na mkunga yeyote atakuambia kwamba bahati ya kutokwa damu haiji mara mbili kwa nyumba moja.

Sasa nikueleze tulivyolisikia swali letu.

Ilikuwa mwaka 2022, kipindi cha bajeti. Mbunge alikuwa ametupigia simu jana yake kwamba swali limepangwa. Asubuhi duka la pale senta lilijaa, mwenye duka akaiweka redio juu ya kaunta na kuacha kuuza. Tukamsikia: "Je, ni lini Serikali itapeleka fedha za kukamilisha boma la zahanati lililojengwa kwa nguvu za wananchi?" Watu walipiga makofi kwa kusikia tu jina la kijiji likitajwa Dodoma. Naibu Waziri akasimama, kwa niaba ya Waziri, akajibu kama ifuatavyo. Serikali inatambua na kuthamini nguvu za wananchi. Serikali imekuwa ikitoa shilingi milioni 50 kwa kila boma la zahanati. Serikali itaendelea kutenga fedha kwa kadri ya upatikanaji wake, na boma hilo litapewa kipaumbele. Mbunge akashukuru kwa majibu mazuri. Swali la kwanza la nyongeza akauliza barabara ya kata nyingine, la pili akauliza gari la wagonjwa. Simlaumu, kata alizonazo ni nyingi na nafasi ndiyo hiyo. Tulitoka pale dukani tumefurahi. Mzee mmoja alisema, "Wametutaja."

Mwaka 2024 swali likaulizwa tena. Jibu likaja tena.

Mjukuu wangu aliyemaliza kidato cha sita alinitafutia kwenye simu Taarifa Rasmi za Bunge, zile kumbukumbu za maneno yote yanayosemwa ukumbini. Nikaketi na daftari la mistari, nikayanakili majibu yote mawili, moja ukurasa wa kushoto, jingine wa kulia, kwa sababu kazi yangu ya miaka yote ilikuwa kusoma kadi ya mama ya mwezi huu na ya mwezi uliopita kwa pamoja. Yalitofautiana mwaka wa fedha tu. Kutambua kulikuwepo, kuthamini kulikuwepo, kadri ya upatikanaji ilikuwepo. Na hakuna mtu hata mmoja mle ukumbini aliyesimama kusema kwamba maneno haya tulikwisha kuyapokea.

Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Swali la "ni lini" linaomba tarehe. Jibu lisilo na tarehe, wala mwezi, wala robo ya mwaka, halijalijibu swali hilo hata likiwa na adabu kiasi gani. Mama akiniuliza atajifungua lini, nilikuwa namhesabia wiki kutoka hedhi yake ya mwisho, nampa tarehe, na nikimwona mwezi unaofuata namwambia kama tarehe imebaki au imesogea. Sikuwahi kumwambia kwamba natambua umuhimu wa ujauzito wake.

Nimejifunza pia, kwa kulisoma lile daftari, kuyatofautisha maneno. Kuna fedha iliyotengwa, kuna iliyotolewa, na kuna iliyopokelewa. Iliyotengwa ni namba ndani ya kitabu cha bajeti mnachokipitisha kabla ya tarehe 30 Juni. Iliyotolewa imeondoka Hazina. Iliyopokelewa imeingia kwenye akaunti na fundi anaweza kununua mbao za kenchi na bati. Sisi wananchi tukisikia "imetengwa" tunadhani bati liko njiani, tunaanza hata kufyeka uwanja. Tulifyeka mwaka 2022. Mtendaji wa kijiji akawa anafuatilia halmashauri kila mwezi kwa nauli yake, na kila mwezi anaambiwa kifungu kipo ila fedha haijashuka. Waziri anayejibu bungeni anajua tofauti ya maneno haya matatu kuliko mtu yeyote. Ni haki yetu atuambie anasema lipi.

Wala siombi hisani. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 63, inasema Bunge lina madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na silaha ya kwanza inayoitaja kwa kazi hiyo ni kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Walioiandika waliweka swali mbele kabisa. Na sisi tuna urahisi ambao wenzetu wengine hawana. Kenya, kwa katiba yao ya 2010, mawaziri si wabunge. Kwa miaka mingi walihojiwa kwenye kamati tu, ikabidi kanuni zibadilishwe ndipo waanze kusimama mbele ya Bunge zima kujibu, mwaka 2023. Kwetu mawaziri wote wanatoka miongoni mwa wabunge. Wamekaa mbele yako, hatua chache kutoka kwa anayeuliza.

Najua pia Bunge hili lina meno, nimeyaona. Februari 2008 nilikuwa zamu ya usiku ilipokuja habari kwamba Waziri Mkuu amejiuzulu baada ya taarifa ya Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Desemba 2013 mawaziri wanne walipoteza nafasi zao siku moja, kamati ya Bunge ilipoweka mezani yaliyowapata wananchi katika Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili. Mambo hayo yalikuwa makubwa na yaliwatetemesha wakubwa. Mimi naona swali la zahanati moja, kisima kimoja, daraja moja, lina uzito uleule kwa mtu anayelisubiri, na linahitaji kidogo sana kuliko Kamati Teule. Linahitaji mtu wa kukumbuka jibu lililopita.

Ombi langu ni hilo, Mheshimiwa Spika. Kila jibu la Waziri lenye ahadi ndani yake liandikwe kwenye daftari la ahadi la Bunge, na daftari hilo liwekwe kwenye tovuti ya Bunge ili mjukuu wangu alifungue kama alivyofungua Taarifa Rasmi. Liseme ahadi ni ipi, ilitolewa tarehe gani, ni ya halmashauri ipi, fedha imetengwa au imetolewa au imepokelewa, na leo iko wapi. Na swali lilelile likirudi, Waziri asianze na kutambua. Aanze kwa kusoma alichosema mara ya kwanza, kisha aeleze kwa nini hakijafanyika. Maspika waliokutangulia wamewahi kumwambia Waziri kwamba swali halijajibiwa, akajipange upya. Lifanye hilo liwe kawaida ya kila asubuhi, bila kusubiri siku ambayo mbunge amekasirika.

Haya si mambo ya kubuni. Jirani zetu Uganda wana kamati ya Bunge ambayo kazi yake ni kufuatilia ahadi za Serikali na utekelezaji wake. India wanayo tangu 1953: ahadi ikitamkwa bungeni inachukuliwa, inahesabiwa, na Serikali inapewa miezi mitatu kuitimiza au kurudi kuomba muda. Sisi, ndani ya Ofisi ya Waziri Mkuu, tunaye waziri mwenye dhamana ya Bunge na uratibu. Kama ufuatiliaji upo humo ndani, basi ufunguliwe dirisha na sisi tuuone.

Yupo atakayesema kwamba mawaziri wakibanwa hivi wataogopa kuahidi. Waogope. Mwaka 2007 Serikali ilianza mpango wa miaka kumi, MMAM (Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi), wa kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kituo cha afya. Nilihudhuria mafunzo yake, nikarudi kuwaeleza wenzangu kwa furaha. Mpango ule ulifikia ukingoni 2017, na sisi tulikuwa ndio kwanza tunapandisha kuta kwa fedha za korosho. Kama mwaka ule mtu angetuambia waziwazi kwamba kijiji chenu hakimo kwenye orodha kwa miaka mitano ijayo, tungekaa tukajipanga. Tungenunua hata toroli la pikipiki la kubebea wagonjwa. Kilichotuumiza ni kungoja, kwa sababu mtu anayengoja hajipangi. Nilikata simu ya mwanangu aliyetaka kutuchangia bati mwaka 2022. Nilimwambia, "Acha, Serikali inaleta." Neno hilo linanisumbua mpaka leo.

Na nisiwe mchoyo wa kusema mema. Tulipoanza kukatwa tozo ya miamala ya simu mwaka 2021 tulinung'unika, lakini vituo vya afya vilijengwa, vingine nimeviona kwa macho, vina chumba cha upasuaji na maji ya bomba. Serikali ikiamua, inajenga. Ndiyo maana sikubali kwamba kutupa tarehe ni jambo lisilowezekana.

Kuna jambo dogo la mwisho kuhusu wabunge wenyewe. Kuna aliyeniambia kijijini kwamba kumbana Waziri ni kazi ya upinzani, na kwa kuwa wabunge karibu wote wa Bunge lako ni wa chama kimoja, tusitegemee. Mimi sioni hivyo. Nimesikiliza maswali kwa miaka, na mengi ya maji, zahanati na barabara huulizwa na wabunge wa chama tawala, kwa sababu wapiga kura wao ndio wanaoukanyaga udongo ule. Wanachokosa ni ulinzi wa kiti, mtu wa kuwaambia kwamba kusema "hili halijajibiwa" si utovu wa nidhamu kwa chama wala kwa Serikali. Ulinzi huo unaweza kuutoa wewe peke yako.

Uchaguzi wa 2025 umetuletea mbunge mpya. Alipokuja kushukuru tulimpeleka kwenye boma, akaingia ndani, akaugusa ule mpapai. Nilimpa nakala ya kurasa zangu mbili za daftari. Amesema ataliuliza swali letu, litakuwa mara ya tatu. Likifika mbele yako, na Naibu Waziri akamaliza kusoma na kuketi, nakuomba kabla hujamwita anayefuata umuulize mwezi gani.

Wako mtiifu,
Muuguzi mkunga mstaafu