Kitabu kimoja, watoto sitini: kabati lifunguliwe

Bwana Mhariri,

Kila Septemba masomo yanapoanza, kurasa za barua hujaa kilio kimoja: vitabu hakuna. Ni kweli, ila si kweli yote. Katika shule nyingi za msingi za hapa Bukavu mna vitabu vya picha kumi au ishirini vya msaada, vimefungiwa ofisini kwa direkta, mkuu wa shule, na ufunguo uko mfukoni. Ukiuliza kwa nini, utapewa sababu mbili: vitaharibika, na tena havitoshi. Hiyo ya pili inatokana na kudhani kwamba kitabu cha picha ni kama kitabu cha hesabu, kila mtoto na chake. Sivyo. Katika darasa la kwanza na la pili, kitabu cha picha ni chombo cha mwalimu, kama ubao. Hatujasikia mtu akilalamika kwamba ubao ni mmoja.

Tangu elimu ya msingi ifanywe bure hapa Kongo mwaka 2019, darasa la watoto 60 si ajabu tena. Kitabu chenyewe mara nyingi ni nusu ya karatasi ya A4. Mtoto aliye mita sita nyuma haoni kitu, anamsukuma jirani yake, na mwalimu anafunga kitabu akisema vitabu vya picha vinaleta fujo. Kinacholeta fujo ni umbali. Ligawe darasa: watoto 30 waje mbele wakae chini kwa nusu duara, wa nyuma kabisa wasipite mita tatu kutoka kwako. Wale 30 wengine wabaki kwenye madawati na zoezi la kaye (daftari) ambalo wanalijua tayari. Zoezi jipya litawafanya waite mwalimu kila dakika. Kisha vikundi vibadilishane. Kitabu kishikwe kando ya bega, kurasa ziwatazame watoto, mkono ukamate chini katikati ili kidole gumba kisifunike picha. Kila ukurasa uzungushwe polepole kutoka kushoto hadi kulia kabla hujaanza kusoma. Kwa kuwa unasoma ukitazama upande, lazima uwe umekisoma nyumbani, tena mara mbili.

Kitabu hichohicho kisomwe mara tatu katika wiki, dakika 20 kwa kila kikundi. Siku ya kwanza ni ya kuelewa kisa. Onyesha jalada, uliza wanaona nini, kisha soma hadi mwisho ukisimama mahali pawili au patatu tu, pale mambo yanapotaka kugeuka: sasa mbuzi atafanya nini? Umejuaje? Hilo “umejuaje” ndilo linalomrudisha mtoto kwenye picha. Ukishauliza, nyamaza na uhesabu moyoni hadi tano. Wengi wetu hujijibu wenyewe kabla ya kufika mbili. Mtoto akijibu kwa lugha ya nyumbani, Mashi au Kirega, pokea jibu lake, kisha lirudie kwa Kiswahili. Siku ya pili ni ya maneno, manne au matano, yasizidi, na kila neno lioneshwe kwenye picha, liigizwe, halafu litumiwe na mtoto katika sentensi yake mwenyewe. Siku ya tatu wanasimulia wao, maandishi yakiwa yamefunikwa kwa kipande cha karatasi. Anayesimama kila ukurasa kuuliza “hii ni nini, na hii ni nini” anaiua hadithi: wakifika ukurasa wa sita hakuna anayekumbuka kilichotokea kwenye wa pili.

Kuna kosa moja linalofanywa na wenzetu wenye bidii kuliko wote, nalo ni kufundishia herufi kwa kitabu cha picha. Picha ni ya kuku, neno lililoandikwa ni “jogoo”, mtoto anapaza sauti “kuku!” na darasa linampigia makofi. Hajasoma, amebahatisha. Kiswahili kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa na silabi zake ni nyepesi kuunganisha, kwa hiyo ba, be, bi, bo, bu zifundishwe ubaoni, kwa maneno yasiyo na picha ya kuegemea. Kitabu cha picha kifanye kazi yake: msamiati, kufuata kisa, kuuliza sababu. Na ukishuku kwamba darasa limekariri, andika ubaoni sentensi ya kitabuni ukibadilisha nafasi za maneno mawili. Wakiisoma ilivyokuwa kitabuni, umepata jibu lako.

Lugha nayo inataka uangalifu. Vitabu vingi vya Kiswahili vinavyotufikia vimeandikiwa watoto wa Kenya na Tanzania. Kitabu kinasema mchicha, mtoto wa hapa kwetu Kadutu anajua lengalenga. Kinasema kisamvu, yeye jana usiku alikula sombe. Ugali kwake ni bugali, na dagaa ni sambaza wa ziwa Kivu. Kumwambia amekosea ni kumfundisha kwamba lugha ya mama yake si lugha. Andika yote mawili ubaoni, lake na la kitabu, uendelee. Wala mwalimu asimwogope inspekta kwa kusoma Kiswahili: sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mahali kama lugha za kufundishia.

Kitabu kikiwa cha Kifaransa, usikitafsiri sentensi kwa sentensi. Watoto hujifunza upesi kwamba Kiswahili kinakuja nyuma, basi Kifaransa wanakiacha kipite. Afadhali siku ya kwanza usimulie kisa chote kwa Kiswahili kwa kutumia picha, na siku ya pili usome Kifaransa peke yake. (Vile vya theluji na mahandaki ya treni vinaweza kungoja darasa la tano.)

Kwa shule ambayo kabati lake ni tupu kweli, kitabu kinaweza kutengenezwa. African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini na shirika la elimu la Saide, unatoa bure kwenye intaneti hadithi za picha, zikiwemo za Kiswahili, kwa leseni huru: unaruhusiwa kuchapa, kutafsiri, hata kubadilisha, mradi umtaje mwandishi na mchoraji. Chagua zenye michoro ya mistari. Picha za rangi nzito zikipita kwenye fotokopi hutoka madoa meusi, na mtoto hawezi kutofautisha mbuzi na jiwe.

Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16. Karatasi ya nje ina ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Inayofuata ni 14 na 3, kisha 4 na 13. Kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima zijumlike 17. Zisipofika hapo, simamisha mashine kabla karatasi hazijaisha. Mwambie pia wa fotokopi ageuze kwa ubavu mfupi, la sivyo nyuma patatoka kichwa chini. Stepla ya kawaida haifiki kwenye kunjo, hivyo tumia sindano na uzi imara: tundu moja katikati ya kunjo, na moja sentimita tano kutoka kila ncha. Ingia tundu la kati kutoka ndani, toka nje, rudi ndani kwa tundu la juu, ruka la kati ukatoke nje kwa la chini, kisha rudi ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi zifungwe zikiukumbatia ule uzi mrefu wa ndani. Jalada liwe la kartoni, mgongo upigwe skochi (utepe wa gundi) pana.

Unyevu wa msimu wa mvua na panya ni maadui wa kweli kuliko mikono ya watoto. Sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali mawili linatosha, likiwa darasani, si ofisini, pamoja na kaye moja ya kuandika nani amechukua nini na lini. Watoto wawili wa zamu wakague mikono kabla ya kusoma. Ukurasa ukichanika, ushonwe au upigwe skochi siku hiyohiyo. Na direkta anayehofia kuulizwa vitabu vimekwenda wapi aandike leo idadi ya vilivyomo kabatini, atie sahihi pamoja na mwakilishi wa kamati ya wazazi, kisha ufunguo aukabidhi kwa mwalimu wa darasa la kwanza.

Walimu wa darasa la kwanza na la pili,
Kadutu, Bukavu