Stanley hakuiba, mchambuzi wenu kasoma kitabu gani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kuhusu ule uchambuzi wa Holes, kitabu cha Louis Sachar, mliotoa kwenye ukurasa wa vitabu. Kukumbuka vijana ni jambo zuri, ila mchambuzi wenu kamalizia eti kitabu kinawafunza watoto madhara ya wizi, hapo ndo nikashika kichwa. Wizi upi tena jamani? Stanley, yule kijana mhusika mkuu, alikuwa anatembea zake kurudi nyumbani, raba zikamdondokea kutoka juu, na kwa vile baba yake alikuwa anahangaika kutafuta namna ya kutumia upya raba kuukuu akaona hiyo bahati imewashukia, akatoka nduki nazo, polisi wakamuona anakimbia basi kesi ikaishia hapo. Kumbe raba zenyewe ni za staa wa besiboli, zilikuwa zipigwe mnada kuchangia watoto wasio na makazi. Staa kaja mahakamani kutoa ushahidi, sasa nani atamsikiliza mtoto wa maskini? Hakimu kampa achague, jela au kambi ya kunyoosha watoto wakorofi, miezi 18.

Na huko kambini Texas, jua kali, kila mtoto kila siku anachimba shimo lake futi 5 kwenda chini futi 5 upana, kipimo ni chepe lenyewe. Wanaambiwa ni kuwanyoosha. Lakini ukiokota kitu cha ajabu kwenye udongo unapeleka kwa wakubwa, wakikipenda unapumzika siku hiyo. Kama ni kunyoosha tu, hicho kitu wanachotafuta ni nini? Fumbo lenyewe ndo hilo, na Sachar analifungua polepole, mara yuko kambini, mara kwa yule jambazi wa kike Kate Barlow, mara Latvia huko Ulaya enzi za babu wa babu yake Stanley. Mchambuzi kalipitia kwa sentensi moja, halafu inayofuata kamwaga nani aliyechukua raba! Mimi simtaji, asiyesoma akasome.

Zero naye, mwenzake Stanley huko kambini, kaachwa kabisa. Mtoto haongei, wakubwa wanamdhihaki mbele ya wenzake kwamba kichwani hamna kitu, kumbe hajafundishwa kusoma tu, hesabu zinapanda vizuri. Stanley anamfundisha herufi, yeye anamsaidia kuchimba, wenzao wanaanza kununa, na kutoka hapo ndo mambo yanachafuka. Kwangu mimi kurasa hizo ndo bora kuliko zote, yaani unaona wazi hao walioitwa watoto wabaya wanavyoelewana kuliko wanaowalinda.

Mchambuzi angelalamika kwamba mwishoni mambo yanajipanga vizuri mno, bahati juu ya bahati, ningemuelewa, hata mimi niliguna. Lakini kitabu kilichotoka 1998, kikabeba medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, 1999 na filamu juu yake 2003, hakistahili kufanywa somo la usiibe.

Ombi langu mhariri, vitabu vya vijana mpeni kijana mwenyewe achambue, wa kidato cha pili au cha tatu hivi, mumlipe kama mnavyomlipa huyo mkubwa. Na mwambieni akikaribia mwisho wa hadithi anyamaze.

Msomaji wenu wa kila wiki