Diwani wa Reading hachaguliwi na Waingereza peke yao

Mhariri,

Kila Aprili, uchaguzi wa madiwani unapokaribia huku Uingereza, husikika kauli ile ile kwenye vikao vya watu wetu: "Sina uraia, hayo ni ya wenyewe." Wengi wanaoisema wanajinyima haki ambayo tayari wanayo.

Sheria haidai uraia wa Uingereza. Raia wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola aliyetimiza miaka 18 na anayeishi hapa kwa viza au kibali halali, hata kiwe cha muda, anaruhusiwa kumchagua diwani, na mbunge pia. Wamo Wakenya, Watanzania, Waganda, na Wanyarwanda tangu nchi yao ijiunge mwaka 2009. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo naye yumo. Anayetaka kugombea ndiye hubanwa zaidi: kibali cha muda hakimtoshi, sharti awe na ukaazi wa kudumu. Burundi na Kongo hazimo katika Jumuiya, kwa hiyo raia wake husubiri wapate uraia. Ila Mkongo mwenye pasi ya Ubelgiji, aliyekuwa akiishi hapa kihalali kabla ya 2021 na hakuhama, bado ana kura ya diwani, japo ya mbunge hana.

Haki hiyo haijitekelezi. Kulipa kodi ya halmashauri hakukuingizi kwenye daftari la wapiga kura, na ukihama nyumba unajiandikisha upya. Kazi yenyewe ni ya dakika tano hivi kwenye tovuti ya serikali, ukiwa na namba yako ya National Insurance, yaani bima ya taifa. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya kura. Kura hupigwa Alhamisi ya kwanza ya Mei, kwa hiyo ukiondoa wikiendi na sikukuu, mlango hufungwa mnamo katikati ya Aprili. Wengi hushtuka Mei mabango yakishajaa madirishani.

Wanaokwama zaidi hukwama kwenye kitambulisho. Mei 2023, mara ya kwanza kitambulisho cha picha kilipodaiwa kwenye uchaguzi wa madiwani kote England, watu wapatao 14,000 waliondoka vituoni bila kupiga kura. Pasi ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda inakubalika, hata iliyokwisha muda, mradi sura bado inafanana. Kadi ya ukaazi ya BRP iliyokwisha muda inakubalika vilevile. Leseni ya udereva ya Kenya haikubaliki, wala kitambulisho cha taifa cha Tanzania (cha NIDA), wala picha ya pasi kwenye simu. Aliyebadilisha jina baada ya ndoa abebe na cheti cha ndoa. Asiye na chochote kati ya hivyo aombe cheti cha bure cha mpiga kura kabla ya saa 11 jioni, siku 6 za kazi kabla ya uchaguzi.

Kura ya posta ina mtego wake. Karatasi ya kura huingia bahasha A; bahasha hiyo, pamoja na fomu yenye saini na tarehe ya kuzaliwa, huingia bahasha B. Mume na mke wakijaziana fomu kwa bahati mbaya, kura zote mbili huweza kukataliwa. Tarehe ya kuzaliwa nayo iwe yako, si ya leo. Kosa hilo ni la kawaida kuliko mtu anavyodhani.

Reading ina kata 16 na madiwani 48, watatu kila kata. Huchaguliwa kwa zamu, theluthi moja kwa mwaka, na mwaka wa nne hakuna kura. Ndiyo maana 2025 vituo havikufunguliwa na baadhi ya watu wakadhani wamesahauliwa. Mwaka wa kawaida unaweka alama ya X moja tu. Nafasi zilizo wazi zikizidi moja, karatasi yenyewe itasema uchague wangapi. Ukizidisha, kura imeharibika. Ukikosea kabla hujaitumbukiza sandukuni, mrudishie msimamizi, atakupa nyingine. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, na aliyekuwa kwenye foleni saa 4 ikigonga hafukuzwi.

Msomaji wenu,
Reading, Uingereza